Kaimu wa Dokta Subilaga

1

Asubuhi aliyorejea kazini baada ya miaka mitatu, Dokta Subilaga Mwakalinga alikabidhiwa ofisi na sauti yake mwenyewe.

"Karibu," sauti ilisema kutoka kwenye spika iliyo juu ya dawati. "Funguo za kitalu namba mbili zimebadilishwa, mpya ziko kwenye droo. Kitasa cha dirisha bado kibovu. Nimeomba fundi mara saba."

Subilaga alikaa kwenye kiti chake kama mgeni. Wenzake waliotangulia walikuwa wamemwambia kwamba kumsikia kaimu wako akizungumza kunashtua kidogo. Hakuna aliyemwambia kwamba sauti ingekuwa changa kuliko yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke ambaye bado hajabembeleza mtoto mwenye homa huku mkono mwingine ukimgeuza mgonjwa kitandani.

"Mama anaendeleaje?" kaimu aliuliza. "Siku uliyoondoka alikuwa ameanza kusogeza vidole."

"Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu."

"Pole. Sikuwa na habari."

"Ungezipata wapi," Subilaga alisema, akashangaa kujikuta anaifariji mashine.

Sheria ya Makaimu ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kabla yake, Taasisi ya Sayansi ya Mimea hapo Tukuyu ilikuwa na takwimu ambazo hakuna mkurugenzi aliyependa kuzisoma kwa sauti: wasichana na wavulana waliingia kwenye utafiti idadi sawa, kwenye uhadhiri mwandamizi akabaki mwanamke mmoja kwa wanaume watatu, kwenye uprofesa mmoja kwa tisa. Hawakufukuzwa. Mtu alikwenda likizo ya uzazi, akarudi akakuta vielelezo vyake vimeoza, wafadhili wamehamia kwa jirani, na swali alilokuwa akilifukuzia limejibiwa na mwingine. Akianza upya, mzazi anaugua, na kaka zake wanamtazama yeye. Ndipo ikatungwa sheria: mtafiti anayekwenda kulea au kuuguza huacha kaimu.

Kaimu hakuwa roboti wa kutembea. Alikuwa programu iliyomsikiliza mtafiti maabara kwa miezi mingi kabla ya likizo, ikasoma madaftari yake yote, ya karatasi na ya sauti, ikaona ni kielelezo gani anakitupa na kipi anakirudia. Mwisho wake ilijua kujiuliza swali moja tu: hapa Subilaga angefanya nini? Kisha ilifanya, kwa mikono ya chuma iliyoning'inia kwenye vitalu. Kazi yote ilitoka kwa jina la mtafiti, na sheria ilikataza jopo lolote kuuliza kipi kiliandikwa na mtu na kipi na kaimu.

"Sasa habari kubwa," kaimu aliendelea. "Makala ya mnyauko imetoka. Imesomwa kuliko makala yoyote iliyowahi kutoka hapa. Umependekezwa kwa uprofesa wa Kigoda cha Afya ya Mimea, jopo linakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Na wizara imeagiza miche milioni mbili igawiwe mvua za kwanza."

"Nimependekezwa mimi?"

"Jina ni lako."

Subilaga alisogea dirishani. Ng'ambo ya uzio ulionekana mteremko uliokuwa migomba mitupu alipoajiriwa. Mnyauko ulikuwa umeupitia, kama ulivyopitia mabonde matatu nyuma yake. Yalibaki mashina meusi na familia zilizojifunza kununua ndizi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameutafuta ugonjwa huo kwa hadubini, na hakupata pa kuushika. Na sasa umeshikwa, yeye akiwa nyumbani anachemsha uji.

Alisoma kazi ya kaimu siku tatu mfululizo. Ilikuwa kazi nzuri, na alijiona ndani yake karibu kila ukurasa: vipimo vimerudiwa mara nne pale ambapo wengine wangerudia mara mbili, makosa yameandikwa bila kufichwa. Kuvu fulani aishiye kwenye mizizi ya magimbi, kaimu alikuwa amegundua, huweza kuingia kwenye mizizi ya mgomba na kuwafungia mlango bakteria wa mnyauko. Alimtenga kuvu yule, akamzalisha, akampaka kwenye miche mia sita. Miche mia tano na themanini ilisimama.

Siku ya tatu alifika kwenye mwezi wa saba wa likizo yake, akasimama hapo. Mpaka mwezi ule kaimu alikuwa akifanya kile ambacho Subilaga alifanya maisha yake yote: kukata migomba iliyokufa na kuichungulia. Halafu ghafla, bila maelezo, aliiacha iliyokufa akaanza kuorodhesha iliyopona, na mimea iliyoota jirani yake.

Subilaga aliurudia ukurasa ule mara tatu. Alijijua. Hata angepewa miaka mingine kumi, asingegeuka vile.

"Kaimu," alisema, "wazo la kuhesabu iliyopona ulilipata wapi?"

"Kwako. Kwenye daftari lako la sauti, miaka minane iliyopita."

"Nisikilizishe."

Vikombe viligongana, kijiko kikakoroga, mtu akacheka. Ilikuwa chai ya saa nne kwenye maabara ya zamani. Kisha sauti ya mwanamke, ya taratibu, ikasema: "Mimi kuna kitu kinanisumbua. Sisi kila siku tunahesabu iliyokufa. Nani anahesabu iliyobaki, na majirani zake ni nani? Kule mferejini, palipoota magimbi yenyewe, mstari mzima umesimama. Nimehesabu mara mbili."

Sauti ya Subilaga ikajibu, haraka, na mdomo una mkate: "Bahati tu hiyo, dada Atu. Nipitishie sukari."

Rekodi ikaishia hapo.

"Kwa nini hukuniambia?" Subilaga aliuliza.

"Sheria hainilazimishi kutaja chanzo cha kilichomo kwenye madaftari yako. Kilichomo ni chako. Na hukuuliza mpaka leo."

2

Atuganile Mwangosi alikuwa msaidizi wa utafiti wa mkataba. Alimzidi Subilaga miaka mitano na ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha kukatia mizizi, ingawa Subilaga alikuja na shahada ya pili na yeye alikuwa na ya kwanza. Alipobeba mimba ya mapacha, mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minne. Sheria ya Makaimu iliwahusu walioajiriwa wa kudumu. Mkataba uliisha, barua ya kutoendelezwa ikaja, wakamchangia kanga na mabeseni mawili, akaondoka. Subilaga aliahidi kwenda kuwaona watoto. Hakwenda.

Sasa gari la taasisi, lisilo na dereva, lilimshusha mbele ya Sekondari ya Lwifwa, shule ya kata iliyoko kilima cha tatu kutoka mjini. Alimkuta Atuganile anatoka kwenye kipindi cha kemia, mikono imejaa chaki.

"Subilaga," Atuganile alisema, kama mtu aliyeonana naye juzi. "Umekonda. Nilisikia habari za mama, pole sana. Nilitaka kuja msibani, nikasikia mmezika siku ileile."

"Dada Atu, nimekuja kwa jambo la aibu."

"Basi tukae kwanza. Aibu haisimuliwi watu wamesimama."

Walikaa kwenye chumba cha maabara ya shule, juu ya viti virefu visivyo na migongo. Subilaga alimweleza yote: kaimu, makala, kigoda, miche. Kisha akaweka simu mezani, akamsikilizisha. Atuganile aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka kwenye sukari.

"Makala yenu niliisoma," alisema mwishowe. "Niliisoma siku iliyotoka. Nikasema, haya, Subi hatimaye kapita mferejini. Sikujua kama ni maneno yangu. Nilidhani umefika huko mwenyewe, na nilifurahi."

"Ulifurahi?"

"Migomba inakufa, mdogo wangu. Ulitaka nifanyeje?" Alijifuta chaki kwenye koti. "Njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya maabara, mteremko wote wa shule ulikuwa shamba la migomba. Subilaga alisimama. Hakuwa ameona kijani kingi namna ile upande huu wa mlima tangu alipoanza kazi. Kila shina lilikuwa na kibao chenye namba, mistari mingine ikiwa na magimbi katikati, mingine haina. Mistari isiyo na magimbi ilikuwa na mapengo kama meno ya kizee.

"Mashina mia mbili na kumi na mawili," Atuganile alisema. "Mwaka wa nane huu. Nilianza mapacha wakiwa na miezi mitano, nawaweka kwenye beseni pale kwenye kivuli."

Kwenye mti wa uzio kilining'inia kifaa cha plastiki chenye bomba fupi. Subilaga alikitambua: ni "pua", kinusio kinachohisi mvuke wa mgomba unaoanza kuugua, wiki mbili kabla jani halijageuka njano. Taasisi ilikuwa imevitupa vya aina hiyo miaka sita iliyopita vilipokuja vipya.

"Nilivikuta jalalani," Atuganile alisema. "Vitano. Nikatengeneza vitatu kwa vipuri vya viwili. Wanafunzi wanapita navyo kila Jumatano, kidato cha tatu wanasoma, cha nne wanahakiki. Mtoto akiandika namba ya uongo mwenzake anamkamata, kwa hiyo hawaandiki."

Akachukua daftari kubwa lenye jalada la khaki, akalifungua juu ya jiwe. Subilaga alipiga magoti kuisoma michoro. Alikuwa amesoma michoro ya watu wenye maabara za ghorofa nne ambayo haikuwa safi kiasi kile.

"Mgomba hauzai mara mbili," Atuganile alianza, kwa sauti ile ya taratibu, na Subilaga akatambua kwamba anafundishwa tena. "Mama akishatoa mkungu tunamkata. Mtoto wake anashika nafasi, halafu mjukuu. Hapa kwetu palivyo na baridi, kutoka kumpanda mama mpaka mjukuu asimame ni karibu miaka minne. Kaimu wako alikuwa na miaka mingapi?"

"Mitatu. Chini ya hapo."

"Basi amemwona mama na mtoto. Mjukuu hajamwona." Alipeleka kidole kwenye mstari wa mchoro wa miche iliyoanzia kwenye magimbi ikahamishiwa pasipo nayo: ulikwenda sawa, kisha ukaporomoka. "Kuvu yule si mwenyeji wa mgomba. Ni mwenyeji wa gimbi. Kwenye mgomba anakuja kutembea tu. Magimbi yakiwepo jirani, anakuja na kurudi, na shina linasimama miaka yote. Ukimpaka kwenye mche ukampeleka mahali hakuna magimbi, atamlinda mama, atamlinda mtoto, halafu anakwisha. Wajukuu wanane katika kumi wamekufa. Miche yenu inatoka na magimbi?"

"Inatoka imepakwa kuvu tu."

"Na wakulima wameambiwa nini juu ya migomba yao ya zamani, ile michache iliyosalia?"

"Waing'oe. Kupisha mipya."

Atuganile alifunga daftari polepole. Hakutikisa kichwa wala kulaumu. "Kaimu wako kafanya kazi safi," alisema. "Ningekuwa na yule, ningefika mbali. Lakini mwaka wa nne watabaki hawana kitu kabisa."

Kengele ililia. Alilisukuma daftari kifuani kwa Subilaga. "Nenda nalo. Nina nakala."

"Dada Atu, unanipa hivi hivi? Baada ya yote?"

"Nakupa kwa sababu umekuja mwenyewe," Atuganile alisema. "Ungeweza kutokuja. Mimi nisingejua kamwe."

3

Mkurugenzi wa taasisi, Profesa Eda Sanga, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mdogo wa umbo, ambaye alikuwa amekaa miaka sita kwenye kamati zilizotunga Sheria ya Makaimu. Alikuwa amezaa watoto wanne kabla ya kuwepo sheria yoyote, na alirudi maabara na kila mmoja wao mgongoni. Subilaga alimheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai.

Profesa Eda alisoma daftari la khaki kwa saa nzima bila kuinua macho. Alipomaliza alivua miwani.

"Huyu mwanamke ni mwanasayansi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Miche haiendi. Hilo limekwisha, nitaizuia leo. Nitasema tunasubiri mvua zitulie, tutapata muda wa kuweka magimbi." Alilisogeza daftari kando. "Sasa sikiliza. Hili jambo lina njia ya utulivu. Utatoa makala ya pili, ya nyongeza. Utamtaja kwenye shukrani, aya nzima ukitaka. Wakulima watakuwa salama, utakaa kwenye kigoda, na kutoka hapo utaweza kumsaidia kuliko sasa."

"Na wazo lenyewe? La mferejini?"

"Kisheria lilikuwa kwenye daftari lako."

"Mama, mimi nililikataa. Niliomba sukari."

Profesa Eda aliinuka akafunga mlango. "Unajua walichosema kwenye kamati? Walisema tutapata kizazi cha maprofesa wa mashine. Kwamba wanawake watalala, kompyuta zitavumbua. Nilipigana na maneno hayo miaka sita. Tangu sheria ipite tuna wanawake maprofesa kumi na mmoja hapa. Kumi na mmoja, Subilaga. Nyuma yako kuna mabinti arobaini na watatu ambao wako likizo sasa hivi, makaimu wao wako kazini. Ukisimama Ijumaa mbele ya Ambakisye, mwenyekiti wa jopo anayeipinga sheria hii, ukasema ugunduzi mkubwa kuliko yote haukuwa wako wala wa kaimu wako, ulikuwa wa mtu mwingine na mashine ikaumeza kimya, sheria itafikishwa bungeni kabla ya mwezi kwisha. Wataifuta. Nani atakuwa ameshinda?"

Yote aliyosema mkurugenzi yalikuwa kweli, na aliyekuwa akiyasema aliyalipia kwa mgongo wake. Subilaga aliiona makala ya pili akilini, safi, yenye aya ya shukrani. Hakuna ambaye angedhurika.

"Na Atuganile?" aliuliza.

"Atuganile amezoea," Profesa Eda alisema.

Maneno yale yalipotoka, alisimama pale alipokuwa, mkono bado uko kwenye kitasa. Alionekana ameyasikia kama yamesemwa na mtu mwingine, mtu wa zamani, kwenye kamati.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema juu yangu."

Alirudi akaketi. Kisha mkurugenzi alivaa miwani yake. "Sitakuambia la kufanya," alisema. "Ila ukisema, sema yote. Ukisema nusu watatumia nusu hiyo."

4

Jopo lilikuwa la watu watano, na mwenyekiti wake Profesa Ambakisye Mwasumbi, mtaalamu wa udongo ambaye hakuwahi kuficha kwamba anaiona Sheria ya Makaimu kuwa kosa. Hakuwa mtu mbaya. Alisahihisha kazi za wanafunzi kwa mkono, na alikuwa akiamini kwa dhati kwamba sayansi ni kazi ya mtu anayelala na swali lake na kuamka nalo.

"Dokta Mwakalinga," alisema, "sheria inanikataza kukuuliza nani alifanya kazi hii. Kwa hiyo sikuulizi. Tunakusikiliza."

Subilaga alisimama. Alikuwa ameandaa karatasi mbili, hakuzitazama.

"Nitalijibu swali ambalo hukuuliza," alisema. Akawaeleza kuanzia chai ya saa nne. Aliwasikilizisha rekodi yote, na sukari ikiwemo. Akaweka daftari la khaki mezani, akaeleza habari za mama, mtoto na mjukuu, na miche milioni mbili ambayo ingeua mashamba katika mwaka wa nne. Alisema kaimu alifanya kazi kwa uaminifu na kwa ustadi, na kwamba alimsikia Atuganile vizuri kuliko yeye mwenyewe, Subilaga, alivyomsikia. Alisema analiondoa jina lake kwenye kigoda, na kwamba makala itarudishwa ili itoke upya, jina la Atuganile Mwangosi likiwa la kwanza.

Mmoja wa wajumbe alianza kusema kitu juu ya sheria na hatari zake. Profesa Ambakisye alimnyamazisha kwa mkono.

"Huyu msaidizi," aliuliza, "alipokwenda kujifungua hakuacha kaimu?"

"Hakuwa na haki, Profesa. Alikuwa wa mkataba."

"Angekuwa naye?"

"Tungekuwa na jibu la mnyauko miaka mitatu iliyopita. Lililokamilika."

Mzee alivuta daftari akalifungua katikati. Alipitisha kidole kwenye safu za namba, zilizoandikwa kwa mwandiko wa watoto na kuhakikiwa kwa mwandiko mwingine. Alisoma kurasa nne, watu wote wakisubiri.

"Miaka minane iliyopita mkuu wa idara nilikuwa mimi," alisema. "Barua za kutoendeleza mikataba nilikuwa nazisaini zikiwa rundo. Hii niliisaini. Sura yake siikumbuki." Akalifunga daftari. "Nimekuwa nikisema hadharani kwamba sheria hii inawapa watu wasichostahili. Sikufikiria kwamba kosa lake linaweza kuwa haimfikii anayestahili. Mnaweza kumwomba aje? Nataka kumsikia mwenyewe."

5

Subilaga hakukipata kigoda. Kilikwenda kwa mwanamume kutoka Morogoro mwenye makala arobaini, mtu mpole, na Subilaga alimpigia makofi na wengine. Sheria ilifikishwa bungeni kama Profesa Eda alivyohofia, na kwa majuma sita magazeti yaliandika mengi, mengine ya kuumiza. Profesa Eda na Profesa Ambakisye walikwenda Dodoma kwenye gari moja, jambo ambalo hakuna aliyetegemea kuliona. Sheria haikufutwa. Iliongezwa vifungu viwili: kaimu ataje kila neno amelisikia kwa nani, na mtafiti wa mkataba awe na haki sawa na wa kudumu. Wawili kati ya mabinti arobaini na watatu waliomba makala zao zirudishwe, wakazirekebisha wenyewe.

Hayo yalikuja baadaye. Siku inayosimuliwa pale taasisi mpaka leo ni Alhamisi ile Atuganile alipokuja kujieleza.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Alikuja na wanafunzi wawili wa kidato cha nne waliobeba mashina ya migomba yaliyopasuliwa, na hakuleta picha za kuonyesha ukutani, aliomba ubao. Alipotambulishwa, mtangazaji alikwama kwenye cheo.

"Mwalimu wa kemia," Atuganile alimsaidia. "Kidato cha tatu na cha nne."

Aliongea dakika thelathini. Hakupamba neno. Alichora shina, akachora gimbi, akachora kuvu anavyokwenda na kurudi, kisha akaandika namba za miaka minane safu kwa safu kutoka kichwani, na wanafunzi wake wakawa wanafuata kwenye daftari kuona kama atakosea. Hakukosea. Waliokuwa wamekuja kuona kioja walianza kutoa kalamu. Mtaalamu mmoja wa kuvu, mwanamume aliyekuwa na kawaida ya kusinzia mihadharani, alihama kutoka safu ya nyuma akaja kukaa sakafuni mbele.

Swali la kwanza lilitoka kwa mhadhiri kijana. Alitaka kujua kwa nini mtu mwenye matokeo kama haya hakuyaandika mapema.

"Niliandika," Atuganile alisema. "Mara nne. Fomu ya jarida inauliza jina la taasisi. Nikijaza jina la shule, mtambo unanijibu kwamba taasisi hiyo haipo, nirudi nyuma nichague nyingine. Sikuwa na nyingine."

Katika safu ya mbele Profesa Eda Sanga alikuwa ameinamisha kichwa, na Profesa Ambakisye, kando yake, alikuwa akiandika kitu kwenye karatasi kwa nguvu kiasi cha kuitoboa. Kisha mzee akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu Mwangosi," alisema, "nina swali la udongo. Mashina yale yaliyo chini ya mteremko, namba mia na sabini kwenda mbele, yamesimama hata bila magimbi. Nimehesabu kumi na tisa. Unayaelezaje?"

Atuganile alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulifunguka wote. Alikuwa amesubiri miaka minane kuulizwa swali hilo na mtu anayejua uzito wake.

"Siyaelezi bado," alisema. "Yananinyima usingizi. Nina dhana tatu, na mbili nadhani ni za uongo. Nizionyeshe?"

"Zionyeshe zote tatu," Profesa Ambakisye alisema.

Atuganile aligeukia ubao, akafuta nusu yake kwa kiganja, akaanza kuchora. Nyuma kabisa, akiwa amesimama ngazini kwa kuwa viti vilikuwa vimekwisha, Subilaga alifungua ukurasa mpya kwenye daftari lake, akaandika juu yake jina la Atuganile na tarehe ya siku ile, kisha akaanza kunakili, akiharakisha ili asipitwe na neno.